Odi za poti: uliza bei kabla ya kuona karata

Mwezi wa saba Mbeya baridi haina utani. Duka la nafaka la kaka yetu mmoja pale Mwanjelwa likishafungwa, tunasogeza jiko la mkaa katikati ya magunia na kuanza kucheza poka. Hela haiwekwi. Tunacheza kwa maharage: jekundu ni moja, la njano, ile mbegu ya Njano Uyole, ni kumi. Tukimaliza kila punje inarudi kwenye gunia lake, na mwenye duka anahesabu kwelikweli.

Tunacheza Texas Hold'em. Kila mtu anashika karata mbili za siri, halafu tano zinafunuliwa mezani kwa ajili ya wote: tatu kwa mpigo, kisha moja, kisha ya mwisho. Katikati ya hatua hizo watu wanaweka dau, na yote yaliyowekwa ndiyo poti; mwishoni anaichukua mwenye karata tano nzito zaidi.

Jioni moja nilishika ree ya kopa na 9 ya kopa. Mezani kulikuwa na K ya kopa, 7 ya pau na 4 ya kopa, kisha ikaanguka 2 ya shupaza. Nina kopa nne, nasubiri ya tano, maana karata tano za aina moja ni mkono mzito. Imebaki karata moja. Poti ina maharage 60. Jirani yangu akasukuma 20. Nikaanza kukuna kichwa: itakuja, haitakuja? Mwenye duka, ambaye kutwa nzima kazi yake ni kupatana na wateja, akacheka. "Mdogo wangu, kama itakuja hujui wewe wala mimi. Uliza unauziwa bei gani."

Bei hiyo ndiyo odi za poti. Unatazama kilichoko mezani, pamoja na dau alilotoka kuweka mwenzako, unakilinganisha na unachotakiwa kutoa ili ubaki. Pale mezani kulikuwa na 60 na 20, jumla 80. Mimi natakiwa kutoa 20. Kwa hiyo 80 kwa 20, yaani 4 kwa 1.

Waliozoea mikeka ya kubeti wawe macho hapa. Odi ya 4.00 kwenye mkeka inahesabu na hela yako uliyoweka, kwa hiyo faida ni mara tatu tu. Hii 4 kwa 1 ya poka ni faida tupu. Kwenye mkeka ingeandikwa 5.00. Kosa la namna hiyo hiyo linawapata wanaopenda asilimia: wanagawa 20 kwa 80, wanapata 25. Sivyo. Ishirini yako nayo inaingia kwenye poti, kwa hiyo gawa kwa 100. Unahitaji kushinda mara 20 katika kila 100 ili usipate wala usipoteze.

Upande wa pili wa mzani ni karata zenyewe. Kopa ziko 13, nne naziona, zimebaki 9. Karata zote ni 52, sita ziko wazi machoni pangu, zimebaki 46. Tisa zinanifaa, 37 hazinifai. Sasa fanya kama nacheza mkono huu huu mara 46 na kila karata inatokea mara moja. Mara 9 nachukua 80: ni 720. Mara 37 napoteza 20: ni 740. Nimepungukiwa maharage 20 katika mara 46. Karibu ngoma droo, lakini bei imenizidi kidogo.

Badilisha dau uone. Angesukuma 10 tu, ningekuwa napata 70 mara 9, yaani 630, na kupoteza 370. Hapo kulipa ni lazima. Angesukuma 60, napata 120 mara 9, yaani 1,080, na kupoteza 2,220. Hapo unaweka karata chini bila kinyongo. Karata zangu ni zile zile katika hali zote tatu; kilichobadilika ni bei. Ukikosa nafasi ya kupiga hesabu ndefu, zidisha karata zinazokufaa kwa 2 upate makadirio ya asilimia kwa karata moja inayokuja. Tisa inakupa 18, na jibu kamili ni 19 na nusu hivi. Inatosha.

Na lile dau la 20? Mwenye duka alisema lipa, nami naona alikuwa sahihi. Pengo la maharage 20 ukiligawa kwa mara 9 za ushindi ni mawili na ushee. Kopa ikianguka nami nikamchomoa jirani matatu zaidi kwenye dau la mwisho, pengo limezibika. Ila hesabu hiyo ya kesho ni tamu mno, inawaponza wengi: wanajiahidi maharage ambayo mwenzao hana mpango wa kuyatoa.

Kuna na jambo moja nililolisahau. Kama jirani alishika K mbili, basi na ile ya mezani ana tatu. Ikija 7 ya kopa au 2 ya kopa, mimi napata kopa tano lakini yeye anapata K tatu na jozi, na hiyo inaipiga yangu. Tisa zangu zinakuwa saba, na 4 kwa 1 haitoshi tena.

Niliyokwisha kuweka tangu mwanzo, kama maharage 25, sikuyahesabu popote. Ni mali ya poti, si yangu. Nililipa 20. Ikaja 3 ya pau. Jirani akafunua 7 mbili, na mwenye duka akauliza nani anaongeza mkaa.