Sarafu za Fedha za Zamani: Kung'aa Si Hali Nzuri

Kwenye meza za wauza vinyago Nairobi utakuta shilingi za Afrika Mashariki zenye picha ya simba ("shilingi za simba"), rupia za Bara Hindi na reale, yaani sarafu kubwa zenye sura ya Maria Theresa, mtawala wa Austria, zimemwagwa kwenye sinia moja. Swali la kwanza huwa, "Hii iko safi?" Lakini hali ya sarafu ya madini ya fedha haipimwi kwa usafi. Hupimwa kwa kiasi cha uso wa awali kilichobaki tangu ilipotoka kwenye mashine. Haya hapa maneno utakayoyasikia mezani, na ukweli wake.

"Isafishe kwanza, bei itapanda."

Hapa ndipo sarafu nyingi huharibikia. Sarafu inapopigwa chapa, madini husukumwa kutoka katikati kuelekea ukingoni, yakaacha mistari midogo mno usiyoweza kuiona kwa macho. Mistari hiyo ndiyo inayoakisi mwanga. Shika sarafu kwa ukingo juu ya taulo laini, chumba kikiwa na giza kidogo na balbu moja tu ikiwaka, kisha iinamishe polepole: kama mng'ao wa awali upo, ukanda wa mwanga utazunguka usoni kama mkono wa saa.

Dawa ya meno, majivu na sufi ya chuma huikwangua mistari hiyo. Dawa za asidi za kuchovya huila. Sarafu itabaki nyeupe, lakini mwanga hautazunguka tena, na kwenye lenzi ya kukuza mara 5 hadi 10 utaona mikwaruzo myembamba kama nywele, mingi ikielekea upande mmoja. Mnunuzi mzoefu ataandika "imesafishwa" na bei itaporomoka. Uso ulioondoka haurudi, kwa hiyo tafadhali, iache ilivyo.

Weusi unaouona kwenye sarafu za zamani ni salfa iliyoungana na fedha. Salfa hiyo hutoka hewani, kwenye karatasi duni, hata kwenye raba za kufungia noti. Tabaka jembamba lililokaa sawasawa si kasoro, na wako wanaolipa zaidi kwa ajili yake.

Kinachofaa kuondolewa ni ute wa kijani unaonata, unaotoka kwenye mifuko laini ya plastiki ya PVC. Loweka sarafu dakika chache kwenye asetoni safi ndani ya glasi, badilisha asetoni, kisha iache ikauke yenyewe. Usisugue. Fungua madirisha na ukae mbali na moto. Dawa ya kutoa rangi ya kucha haifai kwa kazi hii, kwa sababu mara nyingi huongezwa mafuta na rangi.

"Mchoro hauonekani vizuri, basi imechakaa."

Si lazima. Huenda ilipigwa chapa kwa nguvu ndogo tangu mwanzo. Chukua shilingi ya simba ya 1921 hadi 1925, uangalie sehemu zilizoinuka zaidi: kichwa na bega la simba, kisha ugeuze uone nyusi, sikio na masharubu ya Mfalme George wa Tano. Palipochakaa huwa bapa, pamefifia na pana rangi tofauti na uwanja wa sarafu, yaani sehemu isiyo na mchoro. Palipopigwa hafifu hukosa mchoro, lakini mng'ao huendelea juu yake bila kukatika. Kagua pande zote mbili, na ule dhaifu zaidi uupe uzito mkubwa.

"Muuzaji ameandika G, yaani ni nzuri."

Herufi hiyo huwakilisha neno la Kiingereza lenye maana ya nzuri, lakini kwenye kipimo cha Sheldon, kinachoipa hali ya sarafu namba kutoka 1 hadi 70, G ni 4 hadi 6 tu: sarafu iliyolika karibu yote. Madaraja ya juu zaidi ni F (Fine), 12 hadi 15; VF (Very Fine), 20 hadi 35; na EF (Extremely Fine), 40 hadi 45. Isiyo na alama yoyote ya kuchakaa huanzia 60.

"Ina rangi nyekundu, ni bandia."

Shilingi za Afrika Mashariki za 1921 hadi 1925, na za 1937 hadi 1946, zina fedha sehemu 250 tu kwa 1000. Sehemu kubwa iliyobaki ni shaba, nayo ndiyo hujitokeza pale uso unapolika. Kosa kubwa zaidi ni kununua ya 1948 hadi 1952 ukidhani ni fedha. Nayo ina simba, na uzito wake unakaribia gramu 7.78 za ile ya fedha, lakini ni shaba na nikeli. Hapo mizani haitakuokoa. Soma mwaka.

"Reale imeandikwa 1780 na bado inang'aa, hii ni lulu."

Maria Theresa alifariki 1780, na sarafu yake imeendelea kupigwa hata baada ya hapo, ikiandikwa mwaka huohuo wa 1780, Vienna na hata London, Roma na Bombay. Inayong'aa sana mara nyingi ni ya karne ya 20. Ipime: inapaswa kuwa karibu gramu 28.07. Kisha izungushe ukingo wake chini ya lenzi usome maneno ya Kilatini yaliyoinuka, "Justitia et Clementia". Reale nyingi zilivaliwa shingoni. Herufi zikiwa zimezama kwenye doa la lehemu, au zimekatika na kulainishwa kwa tupa sehemu ya juu ya kichwa, hapo palikuwa na kipete cha kupitishia mkufu. Sarafu hiyo huuzwa kama iliyoharibiwa, hata uso wake ukiwa bado mkali.