Je, wajua kwa nini Linux haina C wala D?

Aliyezoea Windows akiingia Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, kwa mara ya kwanza, huzitafuta herufi za hifadhi, C na D, asizione. Anakuta alama ya mkwaju (/) na majina kama sda1 au nvme0n1p3, kisha anaanza kuhofia faili zake.

Herufi zile zina umri mkubwa kuliko Windows yenyewe. Zilikuwapo kwenye CP/M, mfumo wa kompyuta alioutunga Gary Kildall mwaka 1974, na kutoka huko zikaingia kwenye DOS, mfumo uliotangulia Windows. A na B zilikuwa za flopi, zile diski laini za kuchomeka. IBM ilipotoa PC XT mwaka 1983, ikiwa na diski ngumu ya MB 10, diski hiyo ikapewa herufi iliyofuata: C. Flopi zimetoweka, C imebaki.

Linux imefuata njia ya Unix, iliyoanza Bell Labs nchini Marekani mwaka 1969. Humo folda zote ziko kwenye mti mmoja, na mzizi wake ni /. Patisheni, yaani sehemu ya diski iliyotengwa, haipewi herufi, bali hupachikwa kwenye folda mojawapo ya mti huo. Folda ya /home inaweza kuwa patisheni nyingine, hata diski nyingine kabisa, na wewe ukaendelea kufungua nyaraka zako bila kuona tofauti yoyote. Nauona utaratibu huu kuwa bora, maana diski ikijaa unaongeza nyingine bila kuhamisha anwani za faili.

Majina nayo yana mpangilio. Herufi ya mwisho ya sda huonyesha diski, na namba inayofuata ni patisheni: sdb2 ni patisheni ya pili kwenye diski sdb. Kwa diski za NVMe, zile za kisasa zenye kasi, p3 ni patisheni ya tatu.

Hatari kubwa iko hapa. C na D mara nyingi si diski mbili, ni diski moja iliyotiwa mipaka, kama shamba la ndugu wawili. Wengi huweka picha na kazi zao D wakiamini ziko salama, kisha wakati wa kusakinisha Linux huchagua kufuta diski nzima. D nayo huondoka! Kwa hiyo nakili kwanza faili zako kwenye diski ya nje. Kisha washa Linux kutoka kwenye flashi bila kusakinisha, ufungue terminali, dirisha la kuandikia amri, na uandike lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE. Utaona kila patisheni, ukubwa wake na aina ya mfumo wake wa faili. Zenye ntfs ni za Windows. Ukubwa wake utakuonyesha ipi ni C na ipi ni D. Ile ndogo yenye vfat kwa kawaida ni ya EFI, inayobeba programu za kuwashia mifumo. Ukitaka kubaki na Windows pia, usiifute hiyo.

Nafasi ya Linux ni vyema uipate kwa kupunguza C ukiwa ndani ya Windows yenyewe, kwenye Disk Management, zana yake ya kugawa diski. Zima pia Fast Startup, mpangilio wa Windows wa kuwaka haraka, kwani ikiwa imewashwa, Windows haizimiki kabisa, nayo Linux inaweza kukataa kuandika kwenye patisheni zile. Kama BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba diski, inatumika, hifadhi ufunguo wake wa dharura mahali pengine kabla hujagusa chochote.

Laptopu za zamani zina kikwazo kingine: MBR, mpangilio wa zamani wa kuorodhesha patisheni za diski, huruhusu patisheni kuu nne tu. Zikiwa zimeshajaa, nafasi tupu haitakusaidia mpaka mojawapo iondolewe. GPT, mpangilio wa siku hizi, kwa kawaida ina nafasi za patisheni 128.

Ukiwa na nafasi ya kutosha, tenga /home iwe patisheni yake. Siku ukisakinisha toleo jipya, fomati / peke yake, na kwenye /home hakikisha kisanduku cha kufomati hakina alama ya tiki.