Unyoya wa nne ulichomolewa na nani?

Ninapofundisha wanafunzi wangu kugeuza riwaya kuwa filamu, huanza na The Four Feathers. Riwaya ya A. E. W. Mason ilitoka mwaka 1902 na imeigizwa mara kadhaa tangu enzi za filamu bubu. Toleo ninalolirudia ni la mwongozaji Zoltan Korda la mwaka 1939, la rangi, ambalo mandhari yake ya jangwani yalipigwa Sudan kwenyewe.

Harry Faversham, afisa kijana wa Uingereza, anajiuzulu jeshini kikosi chake kikiwa karibu kwenda vitani Sudan. Wenzake watatu wanamtumia manyoya meupe, alama ya woga. Sasa mwangalieni unyoya wa nne. Kwa Mason, mchumba wake Ethne ndiye anayeuchomoa kwenye upepeo wake na kumkabidhi. Kwa Korda, Ethne hampi; Harry anauchomoa mwenyewe. Ni tendo la sekunde chache tu, lakini linahamisha hukumu. Kitabuni Harry anahukumiwa na mwanamke ampendaye. Kwenye filamu anajihukumu, na deni la namna hiyo hakuna wa kumsamehe.

Nalipenda badiliko hilo kwa sababu linafuata kiini cha kitabu. Hofu ya Harry haiko kwenye risasi. Anachoogopa ni kwamba siku ikifika, ataogopa. Amekulia kwa baba jenerali, akisikiliza mezani wazee wa vita vya Crimea wakisimulia jinsi waoga walivyoaibika. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, walisema wahenga. Katika nyumba ile, kilio ndicho pekee kilichokuwa na heshima.

Halafu kuna Durrance, rafiki yake Harry, aliyeigizwa na Ralph Richardson. Jua la jangwani linampofusha, na Harry, aliyejifanya bubu, anamvusha jangwa bila kutamka neno, maana akisema tu atajulikana. Richardson anaigiza upofu kwa shingo na vidole: kichwa kinachelewa kidogo kugeukia sauti, mkono unaitafuta meza kabla mwili haujasogea. Waigizaji wachanga, mtazameni huyu.

Linaloniuma ni vita vya Omdurman, huko Sudan. Tarehe 2 Septemba 1898, wapiganaji wapatao 10,000 wa Khalifa, mtawala wa Sudan wakati huo, waliuawa ndani ya saa chache, huku jeshi la jenerali Mwingereza Kitchener likipoteza watu wasiozidi 50 hivi. Korda anawaonyesha Wasudani kama wimbi linalokuja na kuanguka. Hakuna hata mmoja wao anayeulizwa heshima ni nini kwake.

Shekhar Kapur, aliyeongoza toleo la mwaka 2002, alijaribu kuziba pengo hilo kwa kumpa nafasi kubwa Abou Fatma, mwenyeji anayemsaidia Harry, aliyeigizwa na Djimon Hounsou. Hounsou ana uzito wote unaohitajika, ila hati ya filamu haimpi sababu ya kutosha ya kuhatarisha maisha yake kwa ajili ya Harry. Anabaki msaidizi, na swali la Wasudani linabaki pale pale alipoliacha Korda.