Kwa nini mgonjwa wa moyo aliyeanza kupata nafuu hufa ghafla?

Msibani Bagamoyo, mtaa wa Dunda, tulikuwa tumekaa mkekani. Marehemu alikuwa na moyo uliotanuka, lakini miguu iliyokuwa imevimba ilikuwa imeshanywea na alishaanza kushuka mwenyewe ufukweni kununua samaki. Alfajiri katia udhu, kaanguka mlangoni. Mzee mmoja akasema: "Hapa kuna mkono wa mtu." Tangu siku hiyo mjane na shemeji yake hawasemezani. Ndiyo maana naandika.

Moyo ulioshindwa kazi huua kwa njia kuu mbili. Ya kwanza tunaijua: moyo unachoka taratibu, maji yanajaa miguuni na mapafuni, mgonjwa analalia mito mitatu ili apumue, figo zinakosa damu. Kifo hiki hubisha hodi.

Cha pili hakibishi. Mapigo ya moyo huongozwa na umeme wake wenyewe. Msuli uliotanuka huwa na makovu, na umeme ukikuta kovu hukosa njia, ukazunguka palepale. Hapo vyumba vya chini vya moyo hutetemeka tu badala ya kusukuma damu. Ubongo ukikosa damu, mtu huzimia ndani ya sekunde chache, na asipopata msaada papo hapo, basi. Madini ya potasiamu yakishuka mwilini, hatari huongezeka.

Wengine huondoka kwa damu iliyoganda kupanda kichwani, au kwa nimonia.

Utafiti uitwao MERIT-HF, wa wagonjwa wenye moyo ulioshindwa kazi, uliofanyika Ulaya na Marekani na kutolewa mwaka 1999, ulionyesha jambo lililonishtua. Kati ya waliofariki wakiwa na dalili nyepesi, 64 kwa kila 100 walikufa ghafla, na 12 tu kwa moyo kuchoka. Kwa waliokuwa hoi kabisa, ghafla ni 33, kuchoka ni 56. Si kwamba mwenye nafuu hufa zaidi, la. Wanaofariki katika kundi lake ni wachache. Ila akifa, mara nyingi hufa akiwa anatembea, na jirani huona uchawi.

Utafiti huohuo ulipima metoprololi, dawa inayotuliza mapigo. Waliopewa walipungukiwa vifo kwa takriban theluthi moja, vikiwemo vya ghafla. Inamlinda hata asiyesikia maumivu yoyote, maadamu anaimeza kila siku.

Dirishani kwa marehemu niliona bahasha ya dawa, vidonge vingi bado vimo. Mkewe alisema aliviacha siku viatu vyake vya zamani vilipomwenea tena.