Kiambata hai ni nini? Tuanzie kwenye ganda la korosho

Aliyewahi kubangua korosho kwa mkono kule Newala au Tandahimba haulizi kwa nini wabanguaji hupaka majivu au mafuta viganjani. Ndani ya ganda mna utomvu mzito unaounguza, na ukikupata vidoleni ngozi hubabuka. Utomvu huohuo ukiwekwa kwenye sahani ya maabara iliyooteshwa bakteria, wapo watakaokufa. Mambo haya mawili yana chanzo kimoja, ndiyo maana nimelichagua ganda la korosho kuelezea neno linalotajwa sana siku hizi kwenye habari za mitishamba: kiambata hai.

Mmea wowote una kemikali nyingi mno: wanga, nyuzinyuzi, rangi, vinavyoupa harufu na uchungu. Kiambata hai ni ile kemikali, au kundi dogo la kemikali, ambayo ndiyo hasa inayofanya kazi ndani ya mwili au dhidi ya kijidudu. Mti haukuitengeneza kwa ajili yetu. Hauna miguu ya kuwakimbia wadudu na ukungu, kwa hiyo hujilinda palepale uliposimama.

Kwa mkorosho, kiambata kinachotuhusu ni asidi ya anakadi, iliyopewa jina kutokana na jina la kisayansi la mti wenyewe, Anacardium occidentale. Ndiyo sehemu kubwa ya utomvu mbichi wa ganda, na kidogo imo hata kwenye bibo. Ganda likichomwa, joto huitoa asidi hiyo hewa ya ukaa na kuigeuza kitu kingine, kadanoli. Mtafiti anayeitaka asidi yenyewe inabidi aipate bila moto.

Molekuli yake ina kichwa na mkia. Kichwa kinafanana na asidi ya salisili, ndugu wa aspirini. Mkia ni mnyororo wa kaboni 15 unaopenda mafuta, na utando unaomzunguka bakteria umejengwa kwa mafuta. Basi mkia hupenya humo, utando hulegea, na vya ndani huanza kuvuja. Staphylococcus aureus, bakteria anayeleta majipu na usaha kwenye vidonda, hudhurika mapema. E. koli, bakteria wa utumbo, hustahimili zaidi, kwa kuwa ana utando wa pili kwa nje.

Lakini seli zetu nazo zina utando wa mafuta, na hapo ndipo mambo mengi hukwama. Penisilini, aliyoigundua Alexander Fleming jijini London mwaka 1928, huzuia bakteria asijenge ukuta wake, na ukuta huo seli ya binadamu haina kabisa. Asidi ya anakadi haichagui namna hiyo. Anayekushauri upake utomvu wa korosho kwenye kidonda anakuongezea kidonda cha pili, na naomba sana asisikilizwe.

Kwa hiyo "inaua bakteria maabara" ni hatua ya kwanza tu. Hata siki inaua. Swali ni kiasi gani kidogo kabisa kinatosha kuwazuia bakteria, na je, kiasi hicho kinaziacha salama seli za mgonjwa? Kisha hufuata majaribio kwa wanyama, na baadaye kwa watu. Kwinini na artemisinini zilitoka kwenye mimea zikavuka vizingiti hivyo, ila hizo ni dawa za malaria, na malaria haisababishwi na bakteria. Antibiotiki nyingi tunazopewa hospitalini asili yake ni ukungu na bakteria wa udongoni.

Mimea inaendelea kuchunguzwa kwa sababu usugu umetubana: mwaka 2019 pekee, vifo takriban milioni 1.27 duniani vilikadiriwa kusababishwa moja kwa moja na bakteria sugu kwa dawa. Na huenda msaada wa mmea usiwe kuua peke yake. Mwaka 1996 watafiti Muroi na Kubo walichapisha majaribio ya maabara ambamo asidi ya anakadi iliunganishwa na methisilini, antibiotiki ya jamii ya penisilini, dhidi ya Staphylococcus aliyekwisha kuwa sugu kwa dawa hiyo. Zikiwa pamoja, zilifanya kazi kuliko kila moja peke yake: dawa iliyokuwa imeshindwa ikapata nguvu tena kwa msaada wa kitu kilichomo kwenye ganda la korosho.