Meno ya Kahawia Chini ya Mlima Meru: Maswali ya Wazazi Kuhusu Floridi

Kuanzia Maji ya Chai hadi Ngarenanyuki, mkoani Arusha, si ajabu kukuta darasa zima la watoto wenye meno ya kahawia. Wapo wanaocheka wakiwa wameziba mdomo kwa kiganja. Maswali yaliyo hapa chini ni yale ambayo wazazi wa maeneo haya huuliza mara kwa mara, na majibu yake yanamfaa pia mzazi wa Nakuru, Kenya, au wa kokote kwingine ndani ya Bonde la Ufa.

Mwanangu ana miaka 9. Meno yake ya mbele yametoka na madoa ya kahawia ingawa anapiga mswaki asubuhi na jioni. Nimekosea wapi?

Kwenye mswaki hujakosea chochote. Madoa hayo si uchafu, na jino lilikuwa limeshaharibika kabla halijaonekana mdomoni.

Jino la mbele la ukubwani huchomoza mtoto akiwa na miaka 6 au 7, lakini gamba lake gumu la nje huanza kujengwa ndani ya fizi akiwa bado mchanga wa miezi michache. Kazi hiyo huchukua miaka. Mtoto akinywa maji yenye floridi nyingi, yaani madini yanayotoka kwenye mawe ya ardhini, katika kipindi hicho, seli zinazojenga gamba haziimalizi kazi yake vizuri, na gamba linabaki na vitundu vidogo sana ambavyo jicho halivioni. Jino hutoka likiwa na mistari au mabaka meupe kama chaki. Baadaye vile vitundu hunyonya rangi za vyakula na vinywaji, na weupe ule unageuka njano, kisha kahawia. Floridi ikiwa imezidi sana, gamba humeguka na kuacha vishimo.

Kwa hiyo tafadhali usimsugue mtoto kwa mkaa, mchanga wala majivu. Utalikwangua gamba ambalo tayari ni dhaifu, na doa litabaki palepale kwa sababu limo ndani. Pia usimkaripie. Mtoto anayeambiwa kila siku kwamba meno yake ni machafu, wakati anayasafisha, anaumizwa bure.

Je, madoa yanaweza kuondolewa?

Yale mepesi daktari wa meno anaweza kuyapunguza kwa kusugua juujuu kwa dawa maalumu, na yaliyokolea huweza kufunikwa kwa kijazio cha rangi ya jino. Kazi hii ni ya daktari, si ya fundi wa mtaani mwenye chupa ya asidi. Jino lenyewe halirudi lilivyokuwa, ndiyo maana nguvu nyingi tuzielekeze kwa mdogo wake anayefuata.

Floridi hii inatoka wapi? Kuna kiwanda kinachotuchafulia maji?

Hapana. Inatoka mlimani. Meru ni volkano, na majivu na mawe iliyoyatapika yana madini ya floridi kwa wingi. Mvua ikinyesha, maji huzama ardhini na kupenya taratibu kwenye mawe hayo, yakibeba floridi kidogo kidogo. Kadiri maji yanavyokaa ardhini na kusafiri mbali, ndivyo yanavyobeba zaidi. Ndiyo maana mara nyingi chemchemi ya juu mlimani huwa na nafuu kuliko kisima kirefu cha tambarare.

Kuna sababu nyingine ambayo ni watu wachache huelezwa. Maji yenye kalsiamu nyingi huikamata floridi na kuigandisha iwe jiwe, kwa hiyo haifiki kwenye ndoo yako. Maji yetu yana sodiamu nyingi, ile ya magadi, na kalsiamu kidogo, hivyo hakuna cha kuikamata. Ukitaka kuona mwisho wa safari hiyo, tazama maziwa ya magadi. Maji huingia, jua huyakausha, floridi inabaki. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1984 vilikuta hadi miligramu 690 za floridi kwa lita katika maziwa ya Momela, na zaidi ya miligramu 20 katika mto Engare Nanyuki. Kiwango cha juu ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5.

Jina la mto huo kwa Kimaasai ni maji mekundu, na Maji ya Chai nayo yaliitwa hivyo kwa rangi yake. Rangi ndiyo wazee walioiona. Floridi haina rangi, haina harufu wala ladha.

Lakini kwenye matangazo ya dawa za meno tunaambiwa floridi inaimarisha meno. Nani anasema kweli?

Wote wawili. Floridi kidogo inayogusa jino hulisaidia lisitoboke. Floridi nyingi inayomezwa kila siku wakati meno yanajengwa ndiyo inayoyaharibu. Mambo haya mawili yaligunduliwa kwenye uchunguzi mmoja: mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wana madoa ya kahawia kama ya watoto wetu. Baadaye yeye na wenzake walibaini kwamba meno hayo yenye madoa hayakuwa mepesi kutoboka. Ilipita miaka 30 hadi mkemia H. V. Churchill alipoikuta floridi kwenye maji, mwaka 1931.

Mtu mzima wa huku kwetu Arumeru anaweza kutumia dawa ya meno yenye floridi bila wasiwasi, kwa sababu anaitema. Kwa mtoto mdogo asiyejua kutema, paka dawa kiasi cha punje ya mchele na umsimamie.

Mimi huchemsha maji yote ya kunywa, na wakati mwingine natia dawa ya klorini. Si inatosha?

Kwa vijidudu inatosha, na endelea hivyohivyo, maana kipindupindu na kuhara vinaua haraka. Kwa floridi haisaidii hata kidogo. Floridi ni madini, haiuawi kwa moto. Mvuke unapopanda, maji yanapungua na floridi inabaki ileile kwenye sufuria, kwa hiyo maji yaliyochemka muda mrefu huwa nayo zaidi kwa kila lita. Chujio la udongo la kawaida nalo huzuia matope na vijidudu tu.

Kisima cha jirani maji yake ni matamu, yangu yana chumvichumvi. Nikachote kwake?

Usiamue kwa ulimi. Maji matamu yanaweza kuwa na floridi nyingi, na yenye chumvi yakawa salama. Visima viwili vilivyo karibu vinaweza kutofautiana sana kwa sababu kila kimoja kimekata tabaka lake la mawe. Dawa ni kupima. Maabara za maji za Wizara ya Maji hupima floridi, na ofisi ya maji ya wilaya au mamlaka ya maji inaweza kukuelekeza. Kijiji kikichangishana kupima visima vyake vyote mara moja, kila kaya itajua ndoo ya mtoto ijazwe wapi.

Na ukiambiwa kisima kimepita kiwango, uliza kiwango kipi. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu miligramu 8 kwa lita katika maji ya vijijini kwa sababu hakukuwa na maji mengine, ikashusha hadi 4, na sasa ni 1.5. Cheti cha zamani kinaweza kusema "yanafaa" kwa maji ambayo leo hayafai.

Tunatumia magadi kulainisha makande. Yana uhusiano?

Yana uhusiano mkubwa, na hapa ndipo wengi hushangaa. Magadi yanayokusanywa kwenye maziwa na ardhi ya maeneo yetu yanaweza kuwa na floridi nyingi. Watafiti waliofanya kazi Tanzania walikuta watoto wenye meno ya madoa hata katika vijiji ambavyo maji yake yana floridi kidogo, na magadi ya kupikia yakaonekana kuwa chanzo. Mama anaweza kutembea saa nzima kufuata maji ya chemchemi safi, kisha floridi ikaingia kwa kipande kimoja alichotupia sufuriani.

Loweka mahindi na maharage usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, kisha pika. Yataiva na kuni zitapungua. Kama familia haiwezi kuacha magadi kabisa, basi chakula cha mtoto chini ya miaka 8 kipikwe sufuria ya pembeni.

Tumesikia mkaa wa mifupa unaondoa floridi. Ni kweli?

Ni kweli. Mfupa una madini yanayovuta floridi, kama mifupa yetu wenyewe inavyoivuta. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa joto linalodhibitiwa, husagwa, kisha maji hupitishwa humo taratibu. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapo hapo Arumeru, kimefanya kazi hii kwa miaka mingi, na Nakuru imefanywa na Dayosisi ya Kikatoliki ya huko.

Usijaribu kuchoma mwenyewe uani. Mfupa usioiva vizuri hutoa maji yenye harufu na rangi, uliochomwa kupita kiasi hupoteza uwezo wake. Tena mkaa huo huchoka. Baada ya muda huacha kukamata floridi na maji yanayotoka hayana tofauti yoyote kwa macho wala kwa ladha, hivyo lazima upimwe na kubadilishwa. Wapo wanaosita kwa sababu za dini, wakitaka kujua ni mifupa ya mnyama gani na alichinjwaje. Swali hilo ni la haki, muulizeni muuzaji na ajibu waziwazi.

Baba yangu mgongo umekakamaa na magoti yanamuuma. Inaweza kuwa floridi?

Inaweza. Mtu akinywa maji yenye floridi nyingi sana kwa miaka mingi, madini hayo hujikusanya kwenye mifupa, viungo vikakakamaa na mgongo ukawa mgumu kupinda. Lakini maumivu ya magoti yana sababu nyingi, kwa hiyo mpelekeni hospitali apigwe picha. Mtoto mwenye matege naye apelekwe mapema. Lishe yenye kalsiamu kidogo huzidisha madhara ya floridi.

Maji ya mvua je? Tanki ni ghali.

Maji ya mvua karibu hayana floridi kabisa. Habari njema ni kwamba huhitaji kubadilisha maji yote ya nyumbani. Kuoga, kufua na kudeki, tumia ya kisima bila hofu. Yanayotakiwa kubadilika ni ya kunywa na kupikia tu.

Piga hesabu. Familia ya watu watano ikitumia ndoo moja ya lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupika, miezi mitano ya kiangazi ni lita 3,000. Bati la mita za mraba 30 hukinga lita 30 kwa kila milimita moja ya mvua, kwa hiyo milimita 150 za masika, ukitoa zinazopotea, zinatosha kujaza tanki hilo. Maji ya mvua ya kwanza yaache yaoshe vumbi na kinyesi cha ndege, kisha ndipo uelekeze gata kwenye tanki. Funika, na ya kunywa chemsha.

Tanki la lita 3,000 likishindikana, anza na pipa moja lenye mfuniko, na maji yake yawe ya mtoto mdogo peke yake.

Nina mimba ya miezi saba. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kifua chako. Maziwa ya mama yana floridi kidogo mno hata mama anapokunywa maji yenye floridi nyingi, kwa sababu mwili hauipitishi kwa urahisi kwenye maziwa. Ukimnyonyesha bila kumpa maji wala kitu kingine kwa miezi sita ya kwanza, umeyakinga meno yake ya mbele katika kipindi chake cha mwanzo.

Hatari inaanza siku ya kijiko cha kwanza cha uji. Una miezi minane kuanzia leo: miwili ya mimba na sita ya kunyonyesha. Katika muda huo mvua itanyesha angalau mara moja. Tafuta pipa.