Kwa nini furu jike humkataa dume wa bluu na kumfuata mwekundu?

Kwa wavuvi wengi wa Mwanza, furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, ni chambo cha kuvulia sangara. Hata hivyo, kwenye mawe ya visiwa vya karibu wanaishi furu wa spishi mbili wanaostahili kutazamwa kwa makini, kwa majina yao ya kisayansi: Pundamilia nyererei, ambaye dume wake ana mgongo mwekundu na ubavu wa manjano wenye milia myeusi, na Pundamilia pundamilia, ambaye dume wake ni wa kijivu na bluu. Majike wao wana rangi iliyofifia na ni vigumu kuwatofautisha.

Wengi huamini kwamba spishi mbili hubaki mbili kwa sababu haziwezi kuzaa pamoja, au zikizaa, mtoto huwa tasa kama nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi. Kwa furu hawa sivyo. Wakifugwa katika tangi moja, jike wa spishi moja huzaa na dume wa nyingine, watoto hukua vizuri, nao huzaa. Wala si kweli kwamba dume mwekundu ana mvuto kwa kila jike, kwani jike wa Pundamilia pundamilia kwa kawaida humpendelea wa bluu. Mpaka mkubwa kati yao ni hiari ya jike, na ana sababu ya kuwa mteuzi, maana ndiye anayeatamia mayai kinywani.

Hiari hiyo huanzia jichoni. Chembe zilizomo ndani ya maji ya ziwa humeza mwanga wa bluu kwanza, hivyo kadiri unavyoshuka, mwanga unaobaki huelekea wekundu. Penye maji maangavu, kama Kisiwa cha Makobe, P. nyererei hukaa chini zaidi ya mwenzake, na protini za jicho lake hunasa vyema zaidi mwanga mwekundu; dume mwekundu huonekana waziwazi huko. Spishi hizi hutofautiana pia katika chakula, kwa hiyo jicho si sababu pekee.

Mwanabiolojia Ole Seehausen na wenzake walilijaribu jambo hili, wakachapisha matokeo mwaka 1997. Chini ya mwanga mweupe, kila jike alimpendelea dume wa spishi yake. Chini ya mwanga wa rangi ya chungwa, unaofuta tofauti ya wekundu na bluu, upendeleo ulitoweka. Ni kama mtu anayechagua kitenge usiku kwa koroboi: anajua rangi aitakayo, lakini mwanga haumwoneshi.

Ziwa lenyewe linafanya jaribio hilohilo. Ndani ya Ghuba ya Mwanza, kwenye Kisiwa cha Luanso, maji ni machafu, hayapitishi mwanga vizuri, na madume wengi wana rangi za katikati, kwa sababu spishi mbili hazikutengana. Kutoweka kwa furu wengi tangu miaka ya 1980 hulaumiwa sangara, na kweli aliwala kwa wingi. Lakini udongo unaosombwa na mvua kutoka mashambani, pamoja na mbolea na majitaka vinavyostawisha mwani, huyatia maji giza, na hivyo huweza kuiangamiza spishi bila samaki hata mmoja kuliwa.